Skrubu Tayani mwa Gunvor

Ukungu ulipotanda, kisiwa kizima kilinyamaza. Gunvor, mjane, alikaa jikoni akilisikiliza taya lake.

Mle ndani mlikuwa na skrubu ya titani, chuma chepesi kisichoshika kutu. Daktari wa meno aliiweka ili baadaye ibebe jino la bandia. Kwanza alimwonyesha picha iliyokuzwa: skrubu ilikuwa na mashimo mashimo, kama uso wa mwezi. Gunvor alishtuka, lakini mdomo umeshakufa ganzi, utasema nini?

Sasa alihisi kitu kinatambaa mle. Taratibu, kama mizizi inayotafuta maji. Akachukua koleo la marehemu mumewe, akaliweka kando ya kahawa.

Jirani yake Solveig, muuguzi wa meno mstaafu, akaingia bila hodi.

"Unang'oa msumari gani, shoga?"

Gunvor akamweleza. Wamempa skrubu isiyomaliziwa, akasema. Yeye angeisugua ing'ae kama kijiko cha Krismasi.

Solveig hakucheka. "Mashua yako, kabla ya vanishi ya pili unafanya nini?"

"Naikwaruza ya kwanza kwa msasa."

"Hata kama inang'aa?"

"Ndiyo. Vanishi haishiki vizuri juu ya..." Gunvor akajigusa taya.

Solveig akamweleza polepole. Skrubu laini nayo hushikwa na mfupa, ila kwa kuchelewa, hasa mfupa ukiwa mwororo. Kwa hiyo kiwandani hupigwa mchanga kwa nguvu ili ikwaruzike, huchovywa katika tindikali, kisha husafishwa sana. Chembe hai za mfupa hupata pa kushika, nazo hujenga mpaka chuma kikumbatiwe. Ukikitikisa sasa, unaukata mfupa kabla haujakomaa. Usikiguse kwa ulimi, na tumbaku ya kubana chini ya mdomo iache. Ukiona usaha, au maumivu yakizidi, nenda kwa daktari.

"Na kinachotambaa?"

"Kidonda kinapona, na woga wako. Mfupa ukikua huuhisi."

"Kwa hiyo mle ndani hakuna mtu."

"Yupo. Ni wewe."

Nywele zikamsimama Gunvor. Lakini koleo alilirudisha sandukuni.

Majira ya kuchipua yalipofika, daktari aliijaribu skrubu. Haikutikisika hata kidogo. Akaifungia jino la bandia.

Siku hiyo ukungu ulirudi. Gunvor, vumbi la msasa mikononi, aliuma mkate mkavu. Sauti ikapanda mfupani hadi fuvuni, ko, ko, kama mtu abishaye hodi kutoka ndani.

"Ulishaingia," Gunvor akamwambia huyo wa ndani. "Kaa, tule."