Doa Juu ya Kabati

Kila siku akitoka shuleni, Ngojakwanza alivua sare, akala, akaosha vyombo, kisha akafungua madaftari yake kwenye meza ya chumba cha mbele. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa sababu binti huyo hakukubali jambo lolote kabla ya kusema, "Ngoja kwanza." Upande wa pili wa meza, mama yake alishona sare za wanafunzi kwa cherehani ya umeme. Mdogo wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alilala kwenye godoro dogo karibu na kabati la vitambaa.

Muhula huo taa za nyumba yao zilianza vituko. Taa ilififia, ikawaka, ikafifia tena, kama mtu anayepigana na usingizi. Cherehani nayo ililegea, sindano ikaruka mishono, na mama akalazimika kufumua kazi aliyokwisha kuimaliza.

"Ni hao watu wa umeme," alisema baba siku moja. Yeye alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, na alikuwa amerudi kutoka kazini na madoa meupe hadi kwenye nyusi. "Mtaa mzima uko hivi. Tuvumilie tu."

"Ngoja kwanza, baba. Nimechungulia dirishani. Kwa jirani taa imetulia tuli."

Baba alicheka, akaugonga ukuta kwa ngumi. Taa ikatulia. "Unaona? Inataka kutishwa."

Wote walicheka, lakini Ngojakwanza hakuridhika. Ikiwa shida ilikuwa ya mtaa mzima, ngumi ya baba iliitibuje?

Kesho yake alimuuliza mwalimu wa sayansi. Mwalimu aliweka chaki chini. "Ikiwa ni kwenu peke yenu, huenda kuna waya uliolegea humo ndani. Waya uliolegea hupata moto. Usiguse chochote, sawa? Tumia macho na pua, halafu uwaambie wazazi."

Basi akaanza kuchunguza. Aligundua kwamba taa ilicheza zaidi mama alipochomeka pasi kwenye kebo ileile ya cherehani, iliyotoka nyuma ya kabati, huku cherehani ikiendelea. Na kila mara, karibu na kabati, palikuwa na harufu kama ya plastiki inayoungua.

"Mama, kuna kitu kinaungua."

"Ni pasi hiyo, imeshika uchafu. Mwanangu, wenye sare wanakuja Jumamosi. Niache nishone."

Ngojakwanza hakukata tamaa. Alirudi mezani, akawa anaandika sentensi moja na kuutazama ukuta, anaandika nyingine na kuutazama tena. Ndipo alipoliona: juu tu ya kabati, ukuta wa rangi ya maziwa ulikuwa na doa la kahawia, kama chai iliyomwagika.

Baba alikuwa uani akiosha brashi zake. Ngojakwanza alimvuta mkono.

"Baba, njoo uone rangi yako imeharibika."

"Rangi yangu? Ile niliipaka mwenyewe. Haiwezi kuharibika." Hata hivyo alifuata, kwa kuwa hilo lilimgusa. Alipanda kwenye kigoda, akasogeza uso karibu na doa, akanusa. Utani ukamwisha.

"Mama watoto, acha kushona."

"Nikiacha, sare zitamalizwa na nani?"

"Mchukue mtoto, mtoke nje."

Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa kando ya mita, akazima umeme wote. Kisha alilivuta kabati. Nyuma yake palikuwa na soketi iliyoyeyuka ikapinda, na kitambaa kilichokuwa kimechomoza kwenye ufa wa kabati kilikuwa kimeungua ukingoni. Mama, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

Fundi umeme alifika asubuhi. Alitoa waya uliosokotwa ovyo na kufungwa tepu iliyokauka, akaweka waya mpya na soketi mpya. "Pasi na cherehani msizichomeke mahali pamoja," aliwaambia, "na soketi msiifiche nyuma ya vitambaa."

Sare hazikumalizika zote Jumamosi. Mzazi mmoja alinuna, lakini mama alimweleza kilichotokea bila kuficha, akamwomba arudi Jumatatu. Jioni hiyo taa iliwaka bila kutikisika, cherehani ikanguruma vizuri, na Ngojakwanza akawa anashona vifungo.

Baba aliketi karibu naye. "Mimi nilikuwa naupiga ukuta ili taa inyamaze," alisema polepole, "kumbe ilikuwa inatuonya. Umefanya vizuri, mwanangu. Ukiona hatari nyumbani, usiishike, na usiinyamazie. Mwambie mkubwa. Asipokusikiliza, mwambie tena."

"Na asiponisikiliza tena?"

Mama alijibu bila kuondoa macho kwenye sindano. "Mvute mkono, kama ulivyomvuta baba yako. Heshima si kukaa kimya nyumba ikiungua."