Mgeni wa Kaburi Fupi

Theodora alikuwa anapuliza moto wa chai aliposikia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akaitikia bila kugeuka, maana aliyelelewa Ikungi haachi shikamoo ya mtoto ining'inie hewani. Ndipo akakumbuka kwamba anaishi peke yake. Mlango wa nyuma ulikuwa bado umekomewa, na sauti ilitokea chini, kwenye kimo cha mtoto, karibu na gunia la alizeti.

Jikoni kulinuka udongo mbichi. Kiangazi kile Ikungi nzima ilikuwa vumbi tupu, lakini harufu ile aliijua. Aliikuta Roma.

Ndiyo, Roma. Wanawe walimchangia akaenda hija na wenzake wa parokia, na jirani yake Severina hajamsamehe mpaka leo. Siku ya matembezi, kiongozi mwenye kibendera cha njano aliwazungusha kwenye magofu ya uwanja ambako zamani watu walipambanishwa na wanyama, kisha akawashusha kwenye makaburi ya Wakristo wa kwanza, vichochoro virefu chini ya ardhi, kuta zimejaa matundu ya kulaza maiti. Padre Fredrick akatafsiri: mifupa ilishahamishwa, na mtu asibaki nyuma. Wenzake walitembea wawili wawili. Theodora, mjane, alitembea na mkoba wake.

Akabaki nyuma. Aliona tundu fupi, la mtoto, moyo ukamuuma. "Pole, mjukuu wangu," alinong'ona. "Wenzako wamekuacha? Basi twende kwa bibi, Ikungi." Ilikuwa adabu tu, karibu ile tunayompa kila mtu. Akawakimbilia wenzake.

Sasa shikamoo ikaja kila asubuhi. Ukweli usemwe: mwanzoni aliifurahia. Wanawe wako Dar, na simu zao ni za Krismasi. Lakini kuku walianza kukutwa wamekauka bandani, na kila alipoitikia, sauti ilisogea, mpaka alfajiri moja ikatokea ndani ya blanketi lake.

Wiki hiyohiyo binti yake Witness akapiga simu: anamleta Elisha, mjukuu ambaye Theodora hajawahi kumshika. Theodora akamkimbilia katekista Antipasi, akamweleza yote, akaja naye nyumbani.

Mzee alinyunyiza maji ya baraka, akanusa, akashusha sauti. "Mama Witness, huyu si marehemu. Ni jini lililohamia kwenye kitanda cha marehemu. Umeliingiza kwa mdomo wako, litoe kwa kunyamaza."

"Ninyamazie shikamoo ya mtoto, Katekista?"

"Nyamaza! Ukiliitikia tena ukalifungulia mlango, mimi siliwezi. Na likiwa humu, Elisha asilale humu."

Theodora akanyamaza. Sauti ikarudi nyuma: jikoni, uani, hadi kwenye ua wa minyaa, ikiita na kulia, naye ndani akiuma kanga na kulia vilevile. Kisha ikakoma. Nyumba ilikuwa kimya mno, akajikuta anatega sikio.

Siku ya wageni alipika wali, akatandika kitanda kidogo, akangoja. Jua lilikuwa linazama, upepo wa Singida unagongagonga bati, na yeye anakwenda dirishani na kurudi, anafunika sufuria na kuifunua, anajiuliza kama mtoto atamkubali au atamkimbia, mara viganja vidogo vikapigapiga mlango na sauti ikapaza kwa furaha, "Shikamoo, bibi! Nimekuja!"

"Marahaba, Elisha wangu! Marahaba, baba, karibu ndani!" Akavuta komeo.

Nje hapakuwa na mtu. Ubaridi ulimpita usawa wa magoti, ukaingia, na nyumba ikanuka udongo mbichi.

Simu ikaita. "Mama, basi limeharibika, tumekwama Dodoma," alisema Witness. "Tutafika kesho. Haya, Elisha, msalimie bibi."

"Shikamoo, bibi," ikasema simu.

"Shikamoo, bibi," ikasema sauti ileile kutoka kitanda kidogo.

Theodora akaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu hakujua neno lake litachukuliwa na nani.

"Mama? Mtoto anakusalimia."

"Rudini Dar, Witness," akasema mwishowe. "Msije. Msije tena hapa."

"Mama, tumekukosea nini?"

Akakata simu, akaizima. Akakaa ukingoni mwa kitanda kidogo mpaka giza lilipoingia, kisha akamwitikia yule aliyebaki.