Mchumba Wangu Alipiga Kelele "Sitisha" Siku ya Tuzo Yangu

"SITISHA!"

Wapendwa, ile sauti niliijua hata kabla sijageuka.

Ndiyo sauti iliyoniomba ndoa kwenye foleni ya chipsi na samaki pale Portsmouth, mvua ikitupiga, na mimi kwa ujinga wangu nikasema ndiyo hata chipsi hazijaiva.

Sauti ya Giles. Mchumba wangu.

Pete yake ilikuwa kidoleni mwangu, ndani ya glavu. Na kombora langu la mwisho lilikuwa tayari ndani ya mzinga, linasubiri neno langu tu...

Ngoja niwaelezee vizuri ili twende pamoja.

Naitwa Morwenna. Baba yangu alikuwa muuza nyama Plymouth. Miaka ile ya tisini wanawake ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kupanda meli za kivita za Uingereza, na kuna wazee walikuwa wakituangalia kama ng'ombe aliyeingia sebuleni. Hawamfukuzi, ila wanashangaa kaingiaje.

Kwenye chuo chetu cha mizinga kulikuwa na Tuzo ya Ormerod. Kila mwaka alipewa afisa kijana mmoja aliyewashinda wenzake kwa shabaha. Unapewa darubini ya fedha, jina lako linaandikwa kwenye ubao ukumbini, na unachagua meli unayotaka kwenda.

Ubao ule haukuwahi kuwa na jina la mwanamke.

Nililitaka jina langu pale, jamani. Nililitaka mpaka nikawa naota mizinga kama wenzangu wanavyoota harusi.

Tuliobaki kwenye fainali tulikuwa wawili. Mimi na Giles.

Tulicheka. Tukasema atakayeshinda atamnunulia mwenzake chakula cha mchana. Mapenzi ni matamu sana kabla hayajapewa daraja.

Asubuhi, kwenye meli ya mazoezi, Giles alipiga vizuri: mawili kati ya makombora matatu. Mchana zamu yangu. Shabaha ilikuwa boya kubwa jekundu, linavutwa na boti kwa kamba ndefu. Kombora la kwanza, limepiga. La pili, limepiga. Nilibakiza moja tu ya kumpita.

Giles kwa wakati ule alikuwa nje sitahani, zamu ya kuangalia usalama wa bahari.

Sasa hapa nisikilizeni. Melini kwetu kuna neno moja lenye nguvu kuliko cheo chochote. Sitisha. Yeyote akilitamka, awe nahodha, awe mpishi aliyetoka kumenya viazi, mzinga unanyamaza papo hapo. Hakuna kubishana. Na aliyelitamka haadhibiwi, hata kama alikosea.

Niliposikia neno, mkono wangu ukatoka kwenye kitufe wenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa.

Nikatoka nje mbio.

"Giles, umeona nini?"

"Tanga. Tanga jeupe, kule nyuma ya boya."

Nikaangalia. Bahari ya kijivu, manyunyu, basi.

"Mbona silioni?"

"Limezama kwenye mawimbi, mpenzi. Kinga ni kinga."

"Giles, niangalie usoni."

Hakuniangalia.

"Wewe ni muongo," nikamwambia mbele ya mabaharia, tena kwa sauti ya baba yangu, ile ya kufukuzia mbwa buchani.

Kanuni za tuzo zilikuwa wazi: zoezi likisitishwa, unahesabiwa ulichokwisha kupiga. Hakuna kurudia, na mkilingana anashinda aliyetangulia kupiga. Giles kashinda.

Lakini subirini...

Boti ya doria ikatumwa kwenda kuangalia. Tukasubiri. Mara redio ikakoroma.

"Tumekuta boti ndogo. Watu wawili. Wazima. Tunawapeleka pwani."

Mabaharia wakapiga makofi. Wakambeba Giles mabegani.

Mimi je? Nilitamani bahari inimeze. Mchumba wangu ameokoa roho za watu, na mimi nimemwita muongo kwa sababu ya darubini!

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba nikilia, makamasi yote.

Akanifuta machozi kwa leso yake. "Nimekusamehe, Morwenna. Ulikuwa na hasira tu."

Hiyo leso, wapendwa. Mpaka leo sijashika tena leso ya mtu.

Ikaja jioni ya tuzo. Ukumbi umejaa maafisa, vifungo vinang'aa, nyama ya kuoka mezani. Tukainua glasi kwa Malkia tukiwa tumekaa, kama ilivyo desturi yetu wanamaji.

Mgeni wa heshima alikuwa Mama Ormerod, mzee mwembamba mwenye kofia ya zambarau. Tuzo ilikuwa kumbukumbu ya mwanawe, Luteni Basil Ormerod. Mzinga ulimlipukia zamani, kwenye zoezi. Kuna kijana aliona mlango wa mzinga haujafunga sawasawa, lakini hakusema kitu. Neno sitisha tulipewa baada ya kifo kile. Mama yule ndiye aliyelipigania.

Kamanda Sutcliffe, mkuu wa chuo, alikuwa ameandaa jambo la kumfurahisha Giles. Akawaingiza wageni wengine wawili: Mzee Bert Chubb na mkewe Doris. Ndio waliokutwa kwenye ile boti.

Giles akapewa darubini. Kwa desturi mshindi anasimulia. Na Giles, mtoto wa watu, akasimulia haswa.

"Nililiona tanga lao jeupe likiyumba. Nikamwona mzee huyu, kofia nyekundu, anapunga mkono. Moyo ukaniambia, Giles, sema sasa!"

Makofi.

Mzee Chubb akainua mkono, kama mwanafunzi anayeomba kwenda chooni.

"Samahani, kijana. Ahsante sana kwa kutuokoa. Ila sisi hatuna tanga."

Watu wakacheka kidogo.

"Labda ilikuwa shati," Giles akasema.

"Shati lipi, baba? Tulikuwa tumelala," akadakia Bi Doris. "Injini ilizima, manyunyu yakaanza, tukajifunika turubai la kijani na chupa yetu ya chai. Bert alikuwa anakoroma. Hata ndege wa baharini hawakutuona, walikuwa wanatunyea tu. Wale wa doria nao waligongana nasi kwa bahati, wakirudi."

"Na kofia nyekundu sijawahi kuwa nayo," mzee akaongeza kwa upole. "Siipendi timu ya mpira yenye rangi hiyo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Ukumbi mzima ulikuwa wa watu wanaoishi kwa kupima macho yanaona nini baharini. Kila mmoja alipiga hesabu yake kimyakimya, na jibu likawa moja.

Giles hakuona kitu. Alitamka lile neno ili mimi nisipige. Boti kuwepo ilikuwa bahati tupu.

Kamanda akatuita chumba cha pembeni: mimi, Giles na Mama Ormerod.

"Giles," nikasema, "uliona nini?"

Giles akacheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa.

"Jina la babu yangu liko kwenye ule ubao. La baba yangu liko pale. Ningeenda nyumbani nikasema nimeshindwa na mchumba wangu? Baba yako anakata soseji, Morwenna. Wewe hakuna aliyekuwa anakusubiri ushinde."

Sikujua kuwa moyo una sauti unapopasuka. Una sauti.

"Na ulinifuta machozi," nikamwambia. "Niliomba msamaha, ukanisamehe."

"Hata hivyo wale wazee si wako hai? Kwa sababu ya nani?"

Na hapo ndipo penye uchungu, wapendwa. Alikuwa anasema kweli. Kombora langu lingekwenda upande ule ule...

Kamanda Sutcliffe alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Luteni Morwenna, wewe ndiye uliyedhulumiwa. Sema neno tu. Nafungua kesi kesho, na darubini ni yako."

Jina langu ubaoni. Lilikuwa pale, nalinyooshea mkono tu.

Nikamgeukia Mama Ormerod.

"Mama, yule kijana aliyeona halafu akanyamaza... alinyamaza kwa nini?"

"Aliogopa kuchekwa, mwanangu. Alidhani labda ameona vibaya."

Nikamfikiria mpishi fulani, siku fulani, kwenye meli fulani. Ameona kitu, hana hakika. Mdomo umeshafunguka. Halafu anakumbuka: si kuna afisa mmoja alishitakiwa kwa kusema sitisha?

Akaufunga mdomo.

"Hapana, afande," nikasema. "Msifungue kesi. Lile neno lisiguswe."

"Una hakika?"

"Sina hakika hata kidogo, afande. Andikeni kabla sijabadilisha nia."

Nikavua pete. Nikaiweka ndani ya mkoba wa darubini, nikaufunga, nikampa Giles.

"Umejishindia vitu viwili. Beba vyote, uende."

Akabeba. Alipofika mlangoni aligeuka, nadhani alitaka kusema kitu. Mama Ormerod akamfungia mlango usoni.

Nilidhani yameisha. Nikamwona Kamanda anatafuta kiti kama mgonjwa. Mtu mkubwa vile.

"Luteni," akasema, "ungesema ndiyo, ningeifungua hiyo kesi kwa mikono yangu. Ningeliua lile neno kwa hasira tu. Mimi, kati ya watu wote."

"Kwa nini wewe, afande?"

Mama Ormerod akamwekea mkono begani.

"Kwa sababu yule kijana ni huyu," akasema. "Kila mwaka namwambia asije kunipokea stesheni, nina miguu yangu. Kila mwaka namkuta pale na mwavuli."

Nikamvutia Kamanda kiti. 

Basi, jina la Giles liko ubaoni mpaka leo, chini ya baba yake. Langu halipo. Nikipita pale bado naumia, nisiwadanganye.

Lakini miaka ilikwenda, nikapewa meli yangu. Siku moja tuko katikati ya zoezi, mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Sitisha!"

Mizinga kimya. Tukaenda kuangalia.

Lilikuwa pipa tupu linaelea.

Mpishi akawa anatafuta pa kujificha. "Samahani, mkuu, nilidhani ni mtu..."

"Ahsante sana," nikamwambia mbele ya wote. "Siku nyingine ukidhani, piga kelele vilevile."

Wapendwa, aliyekusaliti mwache aende na alichokuibia. Lakini kwa hasira zako usivunje kitu kizuri alichokitumia kukusaliti, kuna mtu mwingine kesho atakihitaji.

Na mkiombwa ndoa kwenye foleni, subirini kwanza chipsi ziive.