Mistari Myekundu ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimfunga bibi yake mkanda wa mashine ya presha mkononi, akasubiri mashine ilie, kisha akaandika namba kwenye jedwali la kompyuta. Jina hilo alipewa kwa kusema sana, lakini mashine ikipima, alikuwa kimya kama maji ya mtungini.

Shangazi yake, muuguzi, ndiye aliyemfundisha kuipa kompyuta kanuni: presha ikifika 140 au zaidi, mstari mzima ujipake rangi nyekundu, ikiwa chini ya hapo, kijani. Ukiandika namba tu, rangi inakuja yenyewe.

Shida ni kwamba nyumba ile haikosi wageni, na jirani yao, fundi cherehani, hakuwahi kupita bila kuchungulia skrini.

"Lo! Nyekundu tena? Bibi, rangi ya mdomo umeipaka hadi kwenye kompyuta!"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Bibi naye alicheka, lakini wageni walipoondoka alibaki akiitazama ile mistari, machozi yakimlengalenga.

"Mjukuu wangu, naona safari yangu imekaribia."

Chiriku hakuweza kuvumilia. Namba hakugusa hata moja. Alifungua kanuni, akafuta 140, akaandika 180. Papo hapo jedwali zima likawa kijani kama bustani.

"Nimepona!" Bibi alishangilia kesho yake. Akaanza kuagiza chumvi mezani, na vidonge akavitupia kabatini. "Vya nini tena?"

Siku ya tano aliinuka kitini, akapepesuka. Bahati nzuri fundi cherehani alikuwa pale, akamdaka.

Shangazi alikuja mbio. Akapima: 172. Akaiandika, na mstari ukawa kijani. Akakunja uso.

"Chiriku, kompyuta imerogwa, au kuna mtu kachezea kanuni?"

"Namba sikuzigusa, shangazi," Chiriku alisema. "Nilibadilisha kanuni tu. Bibi alikuwa analia."

Bibi akamgeukia. "Kumbe ulikuwa unanificha ugonjwa wangu mwenyewe?"

Chiriku akairudisha 140. Mistari ya wiki nzima ikawa myekundu kwa mpigo. Bibi akanyoosha mkono kuelekea kabatini.

"Haya, leteni vidonge vyangu. Na wewe fundi, ukinitania tena, huo mdomo wako nitaushona mwenyewe!"

Siku ileile walimpeleka kwa daktari. Chumvi ikapunguzwa, vidonge vikarudi kwa saa zake, na kila asubuhi Chiriku aliandika namba ilivyo, hata ilipomuuma.

Wiki ya nne mashine ikalia: 134. Mstari ukawa kijani.

"Umeichezea tena?" Bibi aliuliza, jicho kali.

"Haki ya nani, bibi, sijaigusa!"

Shangazi, aliyekuwa amepita kuwajulia hali, akafungua kanuni mbele ya wote. Ilikuwa 140 ileile. Fundi cherehani akapiga makofi, na Bibi akajifuta macho kwa kiganja.

"Mwanangu," shangazi akamwambia Chiriku, "mapenzi yako tumeyaona. Lakini mgonjwa akifichwa hali yake, anaacha kujitibu. Umpendaye mwambie ukweli, kisha usimwache auogope peke yake."

"Eeh, akae karibu yangu," Bibi akadakia, akisogea kwenye kochi kumpisha mjukuu wake.