Bunda la Kadi Thelathini na Saba

Umeme ulikatika saa nane mchana. Feni ikasita, taa ikazimika, lakini kompyuta iliendelea kuwaka.

Kaanaeli aliitazama kwa jicho la pembeni. Mwaka ulikuwa tisini na nane, mgao umepamba moto, na mtaa mzima wa Kaloleni haukuwa na umeme. Mashine ile haikuwa na betri. Fundi aliyeifunga alisema hivyo kwa kinywa chake.

"Meneja," alinong'ona, "mbona yenyewe haijazimika?"

"Vitu vya Ulaya hivyo, mama Princess. Acha ushamba," alisema Abdiel, akacheka peke yake.

Abdiel alikuwa meneja wa chama cha wakulima wa kahawa, mtu wa tai na manukato, na tangu kompyuta iletwe alitembea kama aliyeitengeneza yeye. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia sokoni, wanachama wanakihama chama, na makao makuu Dar es Salaam yalitaka daftari lote la wanachama liwe ndani ya mashine kabla ya mwezi kwisha. Kati ya makarani watatu angebaki mmoja. Kaanaeli, mjane mwenye mtoto wa miaka saba, alitaka awe yeye. Tusimwonee kwa hilo.

Kabla ya kompyuta, daftari lilikuwa mzee Lerionka, karani mkongwe wa chama. Kila mkutano mkuu alisimama na kadi zake, akaita jina, mwanachama akajibu "Nipo." Princess, aliyepitia ofisini kila siku akitoka shule, aliufanya mwito huo mchezo wake. Mzee alimwita kwa sauti ya mkutano, naye akaruka juu, "Nipo!", ofisi nzima ikacheka.

Lakini mwanachama akifariki, Lerionka hakumwita tena. Kwao Waarusha jina la marehemu halitamkwi ovyo. Kadi yake aliigeuza kifudifudi, akaifunga pamoja na nyingine za wafu kwa ukanda wa ngozi, akaitia kwenye sanduku la bati na kupiga kufuli. Zilikuwa thelathini na saba.

Kaanaeli ndiye aliyemwonyesha meneja ufunguo ulipofichwa. Hesabu ya wanachama haikutimia, naye alitaka itimie.

"Basi andikeni kimyakimya," Lerionka alikuwa amesihi asubuhi ile. "Msisome kwa sauti. Ukimwita aliyekufa, kitakachoitika siye yeye. Na kitataka kuhesabiwa."

"Mzee, nenda kapumzike nje," Abdiel alimjibu. "Zama zako zimekwisha."

Wakafanya kazi kama walivyozoea, mmoja akisoma, mwingine akichapa. "Yiamat Koikai. Umeandika, mama Princess? Haya, twende. Elisaria Anande. Upesi, mama Princess!" Hivyo hivyo, jina baada ya jina, hadi bunda likaisha. Saa sita Abdiel alinakili orodha kwenye disketi, dereva akaipeleka stendi ipande basi la Dar.

Na sasa umeme haupo, mashine inawaka, na chumba kimeanza kunuka majani ya mgomba yaliyokatwa mabichi.

"Ajabu," Abdiel alisema akiisogelea. "Inasema thelathini na nane. Ulihesabu vibaya. Ngoja nihakiki." Akakohoa, akasoma jina la kwanza kwa sauti. "Yiamat Koikai."

"Nipo."

Sauti ilitoka nyuma ya kiti chake, ya chini, yenye maji maji kooni. Hapakuwa na mtu. Yiamat aliuawa kwa mapanga miaka mitatu nyuma, kwenye mpaka wa shamba lake magharibi ya Mlima Meru, na aliyemwosha alisimulia kwamba walimzika vipande vipande.

"Nani huyo?" Abdiel aliuliza, na hapo shati lake likapasuka begani kwa mstari ulionyooka, damu ikaruka hadi kwenye kioo cha kompyuta, akainua mkono kujikinga dhidi ya kitu asichokiona na vidole vitatu vikadondoka juu ya vitufe, akapiga ukelele, akageuka akimbie, lakini pigo la pili likamkuta shingoni na la tatu gotini, na kila pigo lilisikika kama mtu anayepasua mfupa wa ng'ombe buchani, huku printa ikitapika karatasi bila kukoma na Kaanaeli, amejibanza kwenye kabati kwa woga, akiona majina yote ya wafu yakitoka mstari kwa mstari, mekundu, wakati wino wa printa ile ulikuwa mweusi.

Lerionka aliingia na shoka la kuni za chai. Hakumtazama Abdiel; pale hapakuwa tena na wa kuokolewa. Alizigeuza kadi kifudifudi, akazifunga kwa ukanda, kisha akaipasua kompyuta hadi ikawa vigae. Harufu ikakatika.

"Nisikilize, mwanangu," alimwambia Kaanaeli akihema. "Zaidi ya hawa wafu, mlitaja jina la mtu mwingine yeyote mlipokuwa mnasoma?"

"Hapana, mzee."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Polisi waliandika kwamba ni majambazi. Baada ya wiki mbili kuta zilipakwa chokaa, na Kaanaeli, karani pekee aliyekubali kurudi mle ndani, akapewa kazi. Alimshukuru Mungu, akaona haya kumshukuru.

Simu ililia Alhamisi, jua la saa saba likiwaka uani. Princess alikuwa amekaa kizingitini na sare yake, anakula andazi.

"Dada, shikamoo. Naitwa Anneth, niko makao makuu," sauti ilisema, laini ya simu ikikoroma. "Disketi yenu ninayo. Ile ya marehemu."

Disketi! Alikuwa ameisahau kabisa.

"Usiyasome, mdogo wangu! Nakuomba, usiyasome kwa sauti!"

"Siyasomi, dada. Nina swali kuhusu hili la mwisho tu, la thelathini na nane. Halina jina la baba. Limeandikwa..." Laini ikakoroma, ikalimeza.

"Limeandikwa nani? Sikusikii!"

"Princess, dada. Princess tu."

Akasikia tena sauti ya Abdiel asubuhi ile, *upesi, mama Princess, umeandika, mama Princess*, mara thelathini na saba. Kabla hajajizuia, mdomo wake ulikwishalirudia kwa ukelele.

"Princess?"

Kizingitini mtoto aliruka juu kwa furaha.

"Nipo!"

Harufu ya mgomba mbichi ikajaa mlangoni. Kaanaeli aliitupa simu, akakimbia, lakini andazi lilikuwa tayari sakafuni, nusu mbili, zimekatwa kwa mstari ulionyooka. Princess alikuwa anakitazama kiganja chake.

"Mama," aliuliza, "nani kanikata?"