Simenti Ndani ya Glavu

Fundi mwashi aliporudi kutoka kazini aliweka mwiko chini, akachungulia chumbani. Mjukuu wake wa kwanza, mwenye wiki tatu, alikuwa macho akirusha miguu.

"Njoo umbebe, baba," binti yake akamwambia.

"Bado kidogo." Akaificha mikono nyuma kama mtoto aliyedokoa sukari.

Mikono ilikuwa imevimba na kupasuka, nayo ilimwasha kama upupu. Aliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Kila jioni aliisugua kwa mafuta ya taa ili kuua wadudu. Kila asubuhi hali ilizidi.

"Wiki tatu, babu anamtazama mjukuu kama picha ukutani!" mkewe akasema, akaenda kumwita jirani yao, muuguzi.

"Shikamoo, fundi. Hebu nione."

"Marahaba, mwanangu. Usiguse, utaambukizwa."

Muuguzi akaishika mikono hiyo, akaigeuzageuza. "Wadudu wako siwaoni. Simenti mbichi inachoma ngozi. Tena wapo watu ambao ngozi yao huikataa kabisa, ikiwagusa kidogo tu wanawashwa. Na haya mafuta ya taa ninayoyanusa yanakuongezea moto."

"Mbona navaa glavu?"

"Zilete."

Muuguzi akazipindua. Vumbi la kijivu likamwagika sakafuni.

"Mume wangu, humo unajenga choo?" Mkewe akaangua kicheko.

Fundi akakuna kichwa. Kila siku alizianika glavu ukutani midomo juu, zikipokea vumbi. Kesho yake alizivaa hivyohivyo.

"Simenti ikikugusa, osha papo hapo kwa maji safi mengi," muuguzi akasema. "Tumia sabuni isiyo kali, jikaushe, upake mafuta ya mgando. Glavu zioshe ndani na nje, zikauke. Na kesho njoo kituo cha afya upimwe, upewe dawa ya kupaka. Ukiona usaha, usingoje hata hiyo kesho."

"Na mtoto?" Sauti ya fundi ilikuwa ndogo.

"Haiambukizi hata chembe. Nawa, umbebe."

Alinawa mara mbili. Akampokea mjukuu, mabega yamemkakamaa kama aliyebeba ndoo ya zege. Mtoto akamkojolea.

"Siyo maji niliyoagiza!" muuguzi akasema.

Mwezi haukuisha, ngozi ikawa laini. Kazini vijana humtania kwamba glavu zake zinaoga kuliko wao. Fundi hajali. Jioni kuna mtu anamsubiri, amshike kidole.