Sindano Iliyokuwa Mkobani

Asubuhi hiyo karakana ilinukia mbao mbichi na chai. Fundi seremala alikuwa ameinamia mlango wa kabati, akipenyeza gundi chini ya ubao mwembamba uliobambuka. Alitumia bomba lenye sindano ndefu na nene. Mkewe, sista msimamizi wa chumba cha dharura, alimtazama akicheka.

"Leo unamtibu nani, daktari wa makabati?"

"Mgonjwa asiyelalamika. Ila sindano imeziba, Mama Pacha. Niletee nyingine."

"Imebaki moja tu. Nitaileta jioni. Mwaka mzima hakuna aliyeziulizia."

Ndugu zangu, ugonjwa ulijificha kwenye kicheko hicho. Sindano zile zilikuwa za trei ya dharura, za kumwokoa mtu ambaye hewa imenaswa kifuani mwake. Sista aliijua vizuri kazi yake. Hata hivyo, kila Jumatatu alitia alama kwenye fomu ya ukaguzi: zipo.

Saa nane mchana, sindano ile ya mwisho ikiwa tayari mkobani mwa sista, machela ikasukumwa kwa kasi ndani ya chumba cha dharura. Msumeno wa mashine ulikuwa umerusha ubao, ukampiga fundi kifuani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, mishipa ya shingo imetutumka. Daktari wa zamu alisikiliza kifua upande wa kulia. Kimya.

"Pafu limetoboka. Kila pumzi inaongeza hewa, na hewa inaubana moyo. Hatungoji eksirei. Sista, sindano ndefu!"

Kwenye trei kulikuwa na fupi tu.

"Hizi hazifiki. Fomu inasema ndefu zipo. Ziko wapi?"

Presha ilikuwa inashuka. Sista angeweza kusema zimekwisha, na angeaminiwa.

"Mkobani mwangu," alisema, na chumba kizima kikasikia.

Akaukimbilia mkoba, akaileta. Pakiti ilikuwa bado haijafunguliwa. Daktari alihesabu mbavu kwa vidole, akachoma ubavuni, juu tu ya ukingo wa ubavu. Hewa ikatoka fyuuu, kama tairi lililotobolewa. Presha ikaanza kupanda. Muda mfupi baadaye fundi akawekewa mrija wa kifua.

Alipofumbua macho, alinong'ona, "Umeileta ile sindano?"

"Nimeileta, Baba Pacha. Imeshatumika."

Jioni sista aliandika taarifa kwa mkono wake mwenyewe: sindano kumi na moja, tarehe kwa tarehe. Akaukabidhi ufunguo wa chumba cha dharura kabla hajaombwa.

FUNZO

Kifaa cha dharura hakikai bure. Kukaa tayari ndiyo kazi yake. Anayekichukua anamnyima pumzi mtu asiyemjua bado, na mtu huyo anaweza kuwa wa nyumbani kwake. Fundi alipona kwa sababu mkoba ulikuwa karibu na mwenye mkoba alisema kweli. Ajali ingechelewa siku moja, sindano ingekuwa imejaa gundi. Nawe unayekagua, fungua trei kwanza, kisha ndipo utie alama.